Dawa Nimempa

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo asubuhi. Bibi Mzaa Baba alifika jana jioni. Sijui kipi kitakaa zaidi.

Daftari hili ni la kazini. Nilipostaafu ukaguzi wa tiketi nilibaki na madaftari matatu na koleo la kutobolea, na sikurudisha kitu, kwa hiyo hata mimi si malaika. Kurasa zina safu tatu: saa, behewa, kosa. Kwa miaka thelathini na moja nilipanda treni nikiamini kwamba kila abiria hana tiketi mpaka aitoe, na mara nyingi sikukosea. Sasa naishi kwa binti yangu. Abiria wamepungua, ila mazoea hayakustaafu pamoja nami.

Ndani tuko watano. Binti yangu ni mshonaji kiwandani, hutoka alfajiri. Mume wake ni fundi wa friji, nami namwita Fundi. Mama yake Fundi, yaani huyu Bibi, amekuja kusaidia kulea. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, ana mikono mikubwa ya kukorogea masufuria, na amekuja na mwiko wake mwenyewe na debe lake la unga, utafikiri hapa hatuna unga. Wa tano ni mjukuu wetu, mwaka mmoja na miezi minne, kilo kumi na moja, mashavu yamejaa mpaka macho yanaomba nafasi. Tunamwita Kibonge. Kazi yake ni kunipekua mifukoni akitafuta koleo. Namtobolea gazeti kuukuu, naye anaokota vile viduara vya karatasi kimoja kimoja na kunirudishia kama nauli.

Leo alipelekwa kliniki. Nesi kamtoboa kidole, kasema damu iko chini kidogo. Katoa chupa ya dawa ya kuongeza damu, kijiko kimoja kidogo kwa siku baada ya chakula. "Choo kitakuwa cheusi kidogo, msishtuke," alisema. Binti yangu aliiweka chupa kwenye rafu ya jikoni, akatugeukia mimi na Bibi.

"Dawa ni kazi yangu. Nitampa mwenyewe kabla sijatoka. Nyinyi mmlishe tu, na msigombane."

Aliposema msigombane alinitazama mimi.

Jumanne, Machi 5

Mvua. Nepi kumi na moja kwenye kamba ya sebuleni. Tunapita tumeinama.

Alhamisi, Machi 7

Chupa ya dawa haijashuka.

Jana nilipiga alama kwa ukucha kwenye lebo, pale dawa ilipofikia. Leo iko palepale. Na asubuhi binti yangu alipokuwa anavaa viatu aliniambia, "Dawa nimeshampa, Baba," bila mimi kumuuliza. Abiria anayejibu kabla hajaulizwa nilikuwa namkagua mara mbili.

Simlaumu sana. Anaamka gizani, anakimbilia gari la kiwanda, anarudi miguu imevimba. Lakini damu ya mtoto haipandi kwa maneno.

Ijumaa, Machi 8

Dawa haijatikisika. Bibi alipotoka kwenda sokoni, Kibonge akiwa amemaliza uji, nilimpa kijiko kimoja. Alikunja uso, akameza. Nililamba kilichobaki kwenye kijiko. Utamu mwanzoni, halafu ladha ya msumari.

Sikumwambia mtu. Ukimwonyesha abiria kwamba umemshuku, anapata muda wa kuokota tiketi ya jirani yake. Nataka nione binti yangu atadanganya mpaka lini.

Dawa: nimempa.

Jumapili, Machi 10

Dawa: nimempa. Mvua haikukata tangu jana. Fundi ametengeneza friji ya mtu hapa sebuleni, kimya kama kawaida yake, mtoto akizunguka katikati ya bomba na misumari. Nilimuuliza ile gesi ya friji ina madhara gani. Akasema, "Kidogo tu, mzee." Kidogo ndiyo nini?

Jumanne, Machi 12

Dawa: nimempa. Saa tano Kibonge ametapika.

Uji ulikuwa wa Bibi. Naandika tu.

Jumatano, Machi 13

Nimempa dawa saa nne. Nusu saa baadaye imerudi yote, na uji juu yake. Nimempa tena, maana dawa iliyotoka haihesabiwi.

Bibi alifuta sakafu akasema ni meno yanaota. Nilimwambia mtoto ana meno manane tayari na hakuna hata moja lililoota tumboni. Hakucheka. Alinitazama mfukoni, nilipokuwa nimeficha kijiko, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Alhamisi, Machi 14

Ametapika mara mbili. Nimewapanga washukiwa, kama tulivyofanya mwaka ule tiketi bandia zilipozagaa kwenye treni ya asubuhi.

Fundi. Mikono ina mafuta na gesi, na hanawi mpaka akumbushwe. Lakini anatoka asubuhi, na mtoto hutapika mchana.

Binti yangu. Anadanganya kuhusu dawa, ila hawezi kumdhuru mwanawe. Nimemfuta.

Bibi. Anashinda na mtoto. Anapika. Mtoto alikuwa mzima kabla hajaja.

Hakuna mwingine katika nyumba hii.

Jumamosi, Machi 16

Nimemfumania Bibi jikoni. Niliingia bila kuvaa viatu, mbinu ya zamani, nikamkuta mkono umezama mpaka kwenye kiwiko ndani ya debe la unga. Alishtuka, akautoa mtupu, unga umemjaa mpaka kwenye saa yake.

"Unatafuta nini humo?" nilimuuliza.

"Unga."

"Unga uko juu. Huna haja ya kuuvua kama samaki."

"Na wewe unatafuta nini jikoni bila viatu?"

Tulisimama pale, wazee wawili, sufuria ikifurika nyuma yetu. Kibonge alikuwa ameketi mlangoni, na midomoni mwake kulikuwa na tone la rangi ya kahawia. Nilimfuta kwa kidole. Bibi aliniona nikimfuta.

Dawa: nimempa. Imerudi. Nimempa tena.

Jumatatu, Machi 18

Nilimpeleka kliniki mwenyewe, nimemfunika kwa koti langu la kazi. Kilo kumi na gramu mia moja. Tulisubiri mpaka saa saba. Wamama walinisogezea nafasi kwenye benchi kama mtu aliyefiwa na mke, na ni kweli nilifiwa, lakini ni miaka tisa sasa.

Nesi aliuliza maswali yake. Anaharisha? Hapana. Ana homa? Hapana. Anakula nini? Nikamtajia. "Dawa ya damu anapewa?"

"Kila siku," nilimjibu, tena kwa fahari. "Hajakosa hata moja."

"Vizuri. Endeleeni." Akasema msimu huu watoto wengi wanatapika, maji yamechafuka. Chemsheni maji, mpeni maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, akizidi mrudisheni.

Nilitaka kumuuliza kuhusu debe la unga. Foleni ilikuwa ndefu.

Jumanne, Machi 19

Nimempa. Imerudi. Nimempa. Imerudi. Nimempa.

Jumatano, Machi 20

Maji nachemsha mwenyewe. Mvua. Dawa: nimempa mara mbili.

Ijumaa, Machi 22

Chupa imeisha. Nimenunua nyingine ileile duka la dawa na kumimina kwenye ya zamani, ili binti yangu asijue. Muuzaji aliniambia, "Dawa hii inatoka sana mtaani kwenu." Nikamjibu kwamba mvua imetupunguzia damu sote.

Jumapili, Machi 24

Leo nimechukua jiko. Nilisema mbele ya wote kwamba kuanzia sasa uji wa mtoto naupika mimi, naonja mimi, namlisha mimi. Fundi alitazama sahani yake. Binti yangu alisema, "Baba, jamani." Bibi aliuweka mwiko mezani kwa utulivu wa kutisha.

"Nimelisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na sita," alisema. "Hakuna aliyerudishwa kwao mgonjwa kwa chakula changu."

"Wa watu, ndiyo," nilimjibu.

Najua nilivyomuumiza. Lakini nikimtazama Kibonge, shingo imekuwa nyembamba, mashavu yamebaki ngozi tu inayongoja kujazwa, siwezi kuona huruma kwa mtu mzima yeyote.

Nilipika uji. Uliungua chini. Nilionja vijiko viwili, nikasubiri nusu saa nzima kwa saa yangu. Sikufa. Nikamlisha, nikampa dawa. Baada ya dakika ishirini alijikunja kama mtu anayetafuta kitu chini, akatapika kwenye viatu vyangu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alileta kitambaa, akapiga magoti, akanifuta viatu. Nikawaza kwamba mtu mwerevu angefanya hivyohivyo.

Jumatatu, Machi 25

Nimempa. Imerudi. Nimempa.

Koleo hataki tena. Nilimtobolea gazeti, viduara vikamwangukia mapajani, akaviacha.

Jumatano, Machi 27

Binti yangu amekaa nyumbani leo, mafuriko yamefunga barabara ya kiwanda. Bibi alipokuwa bafuni nilimvuta upande wa dirisha, pale mvua inapopiga bati kwa kelele.

"Mwanangu, nakuuliza na unijibu. Unamwamini mama mkwe wako?"

Alitazama mlango wa bafuni. "Simwamini na dawa," alisema polepole. "Wiki ile aliyofika nilimkuta ameifungua chupa ya rafuni, anainusa, kidole ndani. Baba, kidole! Ndiyo maana..." Akakatiza.

"Ndiyo maana nini?"

"Basi tu. Ya mtoto nimeyashika mwenyewe."

Nilifurahi kwamba ameona nilichoona. Nikampigapiga bega. Ya uongo wake kuhusu dawa sikuyagusa, nilimhifadhia. Tulisimama dirishani kama watu wawili wenye siri moja.

Dawa: nimempa, binti yangu alipolala kidogo mchana.

Ijumaa, Machi 29

Siku mbaya. Ametapika mara saba. Mara ya mwisho hakukuwa na kitu, ni ute wa kahawia tu. Choo ni cheusi kama lami. Nesi alisema cheusi kidogo. Hii si kidogo.

Kuna mtu anamwekea mtoto huyu kitu. Naandika kwa kalamu ya wino ili isifutike.

Dawa: nimempa mara tatu. Moja ilikaa.

Jumanne, Aprili 2

Naandika kutoka kwenye benchi la hospitali, kwenye karatasi za kuomba; daftari analo daktari. Nitaandika yote kama yalivyokuwa Jumamosi, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Jumamosi asubuhi Bibi alitoka kwenda kuulizia maziwa. Nilifunga mlango wa jikoni, nikatumbukiza mkono kwenye debe la unga. Chini kabisa vidole viligusa kitambaa. Nilivuta kifurushi, nikafungua. Ilikuwa chupa, nusu tupu, lebo imebanduliwa, ndani maji ya rangi ya kahawia. Na kijiko.

Naungama kwamba nilifurahi. Mtoto alikuwa anakufa chumba cha pili, na mimi nilisimama na unga mikononi nikiona raha ileile ya kumkuta mtu wa daraja la kwanza hana tiketi. Nilitia chupa mfuko mmoja wa koti, daftari langu mfuko wa pili.

Ndipo niliposikia binti yangu akiita. Hakupiga kelele, aliita mara moja tu, kwa sauti ya utotoni mwake. "Baba."

Kibonge alikuwa amelala mapajani mwake, macho yameingia ndani, hayafuati kidole. Midomo imekauka. Nepi ilikuwa kavu tangu alfajiri. Nilimbana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Fundi alikuwa ameshamchukua kabla sijamaliza kutazama. Alikimbia naye kwenye mvua bila viatu, sisi nyuma, na Bibi tulimkuta njiani na chupa ya maziwa, akaitupa akakimbia nasi.

Walimchukua mlangoni. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, nywele amezifunga kwa mpira wa kawaida. Waliitafuta mishipa ya mkono, ikawakimbia, wakaipata mguuni. Dripu ilipoanza kudondoka ndipo aliponyoosha mgongo na kutugeukia.

"Amekula nini? Amekunywa nini? Kuna sumu ya panya nyumbani? Mafuta ya taa? Dawa za mtu mzima?"

Nilisogea mbele. Nilikuwa nimengoja swali hilo wiki tatu. Nikaiweka chupa mezani kwake, unga bado umeishikilia, na daftari kando yake.

"Daktari, nimeikuta hii imefichwa kwenye debe la mama huyu. Na humu nimeandika kila kitu, siku na saa. Ushahidi wote uko humu."

Binti yangu alijifunika mdomo. Fundi alimtazama mama yake. Bibi alinitazama mimi, na usoni mwake sikuona hofu niliyoitegemea. Alionekana amechoka tu.

Daktari alifungua chupa, akanusa, akadondosha tone kwenye karatasi. "Hii ni dawa ya kuongeza damu," alisema.

"Ndiyo," alisema Bibi. "Nilinunua mwenyewe. Ya rafuni ilikaa siku tatu haiguswi. Nikasema mama wa watu amechoka, anasahau, nisimwaibishe mbele ya baba yake, nimpe tu mtoto mchana. Kisha ile ya rafuni ikaanza kushuka mbio, na huyu mzee nikamwona analamba kijiko." Akaninyooshea kidole. "Nikasema kumbe anainywa yeye. Ndiyo nikaificha yangu."

"Mimi niinywe?"

"Ni tamu. Wazee wanapenda tamu."

Daktari aliinua mkono. "Subirini. Ninauliza swali moja. Nyumbani, nani anampa mtoto dawa ya damu?"

"Mimi," alisema binti yangu.

"Mimi," alisema Bibi.

"Mimi," nilisema.

Yalitoka kwa pamoja.

Binti yangu alifungua mkoba wake wa kazini, akatoa chupa. Ileile, lebo ileile. Hakutaka tena ile iliyotiwa kidole, akanunua nyingine akawa anatembea nayo. Hakudanganya hata siku moja. Alimpa kila alfajiri kama alivyosema, na jioni aliporudi akisikia mtoto ametapika, alimpa tena ili asipungukiwe.

"Na mimi nilikuwa narudia," alisema Bibi, sauti imeshuka. "Akitapika."

Daktari alivuta daftari langu, akaanza kusoma. Alisoma kwa kidole. Nilimwona anafika tarehe nane, akasimama. Tarehe kumi na tatu. Tarehe kumi na tisa alirudia mstari mara mbili huku midomo ikihesabu. Alichukua karatasi, akaandika namba, akaongeza, akaongeza.

"Mzee, haya yote ni maandishi yako?"

"Ni yangu."

"Nimempa, imerudi, nimempa. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Dawa hii ikizidi inachubua tumbo. Mtoto anatapika, mnaongeza. Anatapika zaidi, mnaongeza. Siku nyingine amepata vijiko saba, vinane, na nesi aliandika kimoja." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. "Katika watatu, wewe ndiye umempa nyingi zaidi."

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, matope miguuni. Ndipo aliposema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema mbele yangu.

"Mimi peke yangu sikumpa kitu. Niliwaona nyote mnahangaika, mnajifungia jikoni, mnanong'ona. Nikasema wakubwa wanajua wanachofanya, mimi ni mtu wa friji. Hata swali moja sikuuliza."

Daktari alitoka na karatasi yake kwenda maabara, daftari langu kwapani. Alirudi mlangoni mara moja. "Lakini asante kwa kuandika," alisema. "Tungetafuta siku mbili. Sasa najua pa kuanzia."

Nilitamani sakafu inimeze. Daftari nililolifungua ili kumnasa mtu lilikuwa limemnasa mtu. Nilisimama katikati ya chumba kile na koti langu la ukaguzi, maji yakinichuruzika, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona kwa abiria yeyote niliyemshusha. Na nilishusha wengi. Huenda wapo waliokuwa na tiketi.

Alhamisi, Aprili 4

Amekojoa. Nesi wa zamu alituonyesha nepi, na tuliitazama wote wanne kama picha ya arusi.

Ijumaa, Aprili 5

Hajatapika tangu juzi. Amekula vijiko vitatu vya viazi. Daktari anasema ini na damu vinarudi sawa, tumshukuru Mungu na tuache dawa zote mpaka atakaposema.

Nimerudishiwa daftari, na karatasi za benchini nimezibandika humu. Kuna alama za kalamu nyekundu pembeni mwa kila "nimempa". Sitazifuta.

Jumatatu, Aprili 8

Tumerudi nyumbani. Bibi alianza kufunga mizigo. Mwiko ndani, debe mlangoni.

Nilimzibia njia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yakanitoka yote. "Usiondoke," nilimwambia. "Uji wangu unaungua."

Alikaa juu ya debe lake akalia, na mimi nikasimama nimeshika mlango, sijui mikono niipeleke wapi. Mwishowe alisema, "Na mimi nilikufikiria vibaya, Babu. Ningekuwa na daftari, usingependa kulisoma."

Debe limerudi jikoni.

Jumatatu, Aprili 15

Kilo tisa na gramu mia sita. Mvua inapungua. Nepi zimekaukia nje.

Jumamosi, Aprili 20

Amenipekua mfukoni. Koleo amelipata. Nimetoboa gazeti zima, hata ukurasa wa matangazo ya vifo.

Jumapili, Aprili 28

Ijumaa daktari alipima tena. Damu ya mtoto bado inahitaji dawa. Kuanzia kesho kijiko kimoja, chupa moja, mkono mmoja, na anayempa aandike mahali ambapo wote wanaona. Binti yangu alisema mkono uwe wa Bibi, kwa kuwa yeye hutoka mapema. Kisha wote wakanitazama.

Karatasi ya kuandikia niliyo nayo ni hii. Nililitoa daftari, nikamkabidhi Bibi, lote, na kurasa za nyuma.

Nilijua atasoma. Alivaa miwani, akakaa penye mwanga, akasoma tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, ukurasa baada ya ukurasa. Nilijifanya natengeneza mguu wa meza. Alifika kwenye mikono yake mikubwa, akaitazama mikono. Alifika pale aliponifuta viatu, akavua miwani, akaisafisha, akavaa tena. Nikangoja anitupie daftari usoni. Ningelipokea.

Alipomaliza alilifunga. "Hapa umeandika hakuna mwingine katika nyumba hii," alisema.

"Niliandika."

"Ulijisahau."

"Nilijisahau."

Alifungua ukurasa mweupe, akaulaza mezani, akaunyoosha kwa kiganja. "Kalamu iko wapi?"

Nikampa, na koleo pia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kulishika koleo hilo isipokuwa mimi.

Jumatatu, Aprili 29

Naandika mimi, Bibi Mzaa Baba, mwenye mikono mikubwa. Saa tano kasoro, baada ya uji ambao haukuungua, dawa nimempa. Kijiko kimoja. Nimetoboa tundu moja pembeni hapa kwa koleo la Babu, na mtoto ameokota kiduara akampelekea.

Saa sita, hajatapika. Saa saba, hajatapika. Babu amezunguka chupa mara nne, mikono amejifunga mgongoni. Hakuigusa.

Saa tisa, hajatapika. Kibonge amelala. Babu ameniuliza kama kweli nimempa. Nikamwambia asome.